Sir John Charnley: Alikosea kwa wagonjwa karibu 300, kisha akatengeneza nyonga ya kudumu

UKISHUKA matatu pale Rongo, mahali ambapo barabara ya Homa Bay inaachana na ile ya kutoka Kisii kwenda Migori, hutatembea sana kabla ya kusikia nyundo za mafundi wa jua kali. Huyu ananyoosha rimu ya bodaboda. Yule amelala chini ya Probox, anabadilisha boljointi. Hebu muulize huyo wa chini ya gari boljointi mpya itadumu miaka mingapi. Hatakupa jibu la haraka. Atataka kujua kwanza gari linabeba mizigo gani, linapita barabara gani, kifaa chenyewe ni cha aina gani na nani alikifunga.

Sasa, nyonga yako nayo ni boljointi. Kichwa cha mfupa wa paja ni tufe, nalo linazunguka ndani ya kikombe kilicho kwenye fupanyonga. Tufe na kikombe vimefunikwa na gegedu laini, linaloteleza kuliko kitu chochote ambacho fundi amewahi kutengeneza. Gegedu hilo likiisha au mfupa ulio chini yake ukifa, kila hatua inakuwa mateso. Hapo ndipo daktari anatoa kiungo kilichoharibika na kuweka cha bandia.

Najua unachowaza. Unasema mambo ya nyonga ni ya wazee, wewe una miaka 22 na jioni unaenda uwanjani. Lakini sisi wa kanda ya Ziwa tuna sababu ya kusikiliza mapema. Selimundu ni ugonjwa wa kawaida huku kwetu, na karibu kila kijiji kina familia inayoujua. Seli za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu, hufa na kubomoka taratibu, na hilo huwapata hata vijana. Ongeza hapo ajali za bodaboda, ambazo zinaweza kung'oa nyonga kutoka mahali pake au kuvunja shingo ya mfupa wa paja. Kwa hiyo swali la nyonga bandia itadumu miaka mingapi linamhusu kijana kuliko babu yake. Babu anahitaji miaka 15. Kijana anahitaji 50.

Mtu aliyefanya swali hilo liwe na jibu la maana alikufa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Aliitwa John Charnley.

Mtoto wa mji wa viwanda

Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911, katika mji wa Bury, eneo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Wakati huo Lancashire ilikuwa nchi ya pamba. Viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma nguo vilinguruma usiku na mchana. Kumbuka viwanda hivyo, maana vitarudi kwenye hadithi hii.

Babake alikuwa na duka la dawa na mamake alikuwa amefanya kazi ya uuguzi. Alisoma Bury Grammar School, na masomo ya sayansi yakamkaa vizuri. Mwaka wa 1929 aliingia Chuo Kikuu cha Manchester kusomea udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 25 tu, alikuwa tayari amepita mitihani ya juu ya madaktari wapasuaji. Wengine umri huo bado walikuwa wanatafuta njia.

Halafu vita vikaja. Mwaka wa 1940 alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, na alikuwepo wakati wanajeshi walipokuwa wakiokolewa kutoka ufuo wa Dunkirk, Ufaransa. Baadaye alipelekwa Misri. Huko Cairo alipata kitu ambacho chuo hakikumpa: karakana. Jeshi lilikuwa na mafundi wa chuma na ngozi waliotengeneza vifaa vya kushikilia mifupa iliyovunjika, na Charnley akawa anakaa nao, anachora, anapima, anarekebisha. Wapo madaktari wanaoagiza kifaa kisha wanalalamika kikikosa kufaa. Yeye alitaka kujua kifaa kinaundwaje.

Vita vilipoisha alikwenda hospitali ya mifupa ya Oswestry. Hapo ndipo alipofanya jambo linaloonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na swali kuhusu jinsi kipande cha mfupa kinavyoshika kikipandikizwa. Badala ya kutafuta mgonjwa wa kujaribia, alimshawishi daktari mwenzake ampasue yeye, kwenye mfupa wa mguu wake mwenyewe. Jaribio lilienda mrama. Mfupa ukapata maambukizi na Charnley akawa mgonjwa wa kuuguzwa. Wengi wangeona hayo ni wazimu, na pengine yalikuwa. Ila kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema daktari huyu hajui maumivu ya kukosea.

Nyonga iliyopiga kelele

Mwaka wa 1947 aliajiriwa kama daktari bingwa katika Manchester Royal Infirmary. Mwaka wa 1950 alitoa kitabu kuhusu kutibu mifupa iliyovunjika bila kupasua, na madaktari wa nchi nyingi wakakifanya mwongozo wao. Angeweza kutosheka hapo. Jina alikuwa nalo, kazi alikuwa nayo.

Lakini siku moja akakutana na mgonjwa mwenye shida ya ajabu. Mtu huyo alikuwa amewekewa nyonga ya aina iliyobuniwa na ndugu wawili wa Paris, akina Judet. Ilikuwa tufe la akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, lililopachikwa juu ya mfupa wa paja. Kila alipoinama au kugeuka, nyonga ililia kama bawaba kavu ya mlango. Inasimuliwa kwamba mkewe alichoka na ile sauti, akawa anaondoka chumbani.

Ungecheka, sivyo? Charnley hakucheka. Alijiuliza sauti ile inatoka wapi. Fundi yeyote wa gereji anajua kwamba kitu kinacholia ni kitu kinachosuguana, na kinachosuguana kinalika. Isitoshe, msuguano unasukuma. Kila hatua inajaribu kuzungusha kile kitu kutoka mahali kilipofungwa, mpaka siku moja kilegee.

Akaanza kupima. Alichukua viungo halisi na kupima jinsi vinavyoteleza, akakuta gegedu lenye afya linateleza kuliko barafu juu ya barafu. Kisha akagundua jambo la kuvunja moyo: yale maji yanayolainisha kiungo cha kawaida hayafanyi kazi hiyo vizuri kwenye chuma na plastiki. Huwezi kutegemea mwili upake mafuta kwenye spea ya dukani. Inabidi nyenzo yenyewe iwe ya kuteleza.

Mambo matatu

Kutokana na vipimo hivyo, Charnley alifikia mawazo matatu ambayo yanatumika hadi leo.

La kwanza ni nyenzo. Tufe liwe la chuma kilichong'arishwa, kikombe kiwe cha plastiki inayoteleza.

La pili ni ukubwa wa tufe. Madaktari wengine walitaka tufe lilingane na la mwili wenyewe, yaani zaidi ya milimita 40. Charnley akaenda kinyume. Ukishika usukani mkubwa wa lori, hauhitaji nguvu nyingi kuuzungusha, maana mkono wako uko mbali na katikati. Msuguano kwenye tufe kubwa nao unafanya vivyo hivyo: unapata nafasi nzuri ya kukizungusha kikombe na kukitoa mahali pake. Tufe likiwa dogo, nguvu hiyo inapungua. Tena linabakisha nafasi ya kuweka kikombe chenye ukuta mnene wa plastiki, ambao utachukua miaka mingi kulika. Hatimaye tufe lake likawa na kipenyo cha milimita 22.225, yaani inchi saba ya nane. Karibu sawa na gololi kubwa.

La tatu ni saruji. Hapa tuelewane, hii si saruji ya kujengea nyumba. Ni akriliki ileile ambayo madaktari wa meno walitumia kutengenezea meno bandia. Mtaalamu wa nyenzo za meno pale Manchester, Dennis Smith, ndiye aliyemsaidia kuipata. Unachanganya unga na maji yake maalumu, inakuwa kama unga wa chapati uliokandwa, unaujaza ndani ya mfupa, unasukuma shina la chuma, na baada ya dakika chache unashika na kuwa mgumu.

Watu wengi wanadhani saruji hiyo ni gundi. Siyo. Haigandi kwenye chuma wala kwenye mfupa. Inajaza nafasi, inaingia kwenye vishimo vya mfupa, na kusambaza uzito kila mahali. Ni kama nguzo ya stima iliyosimikwa kwa zege. Zege haligandi na mbao, lakini halimpi nguzo nafasi ya kutikisika. Na ukitaka kujua kinachotokea saruji ikikosekana, fikiria jembe lililolegea mpini. Kila ukilima, tundu linapanuka. Kesho linalegea zaidi ya leo.

Charnley hakuwa wa kwanza kujaribu akriliki kwenye nyonga. Lakini ndiye aliyeielewa kazi yake, na ripoti yake ya mwaka wa 1960 kuhusu kusimika shina la chuma ndani ya paja ikafungua njia.

Miaka ya furaha, halafu pigo

Ili kufanya kazi hii, Charnley alihamia mahali ambapo marafiki zake hawakumwelewa. Aliacha hospitali kubwa ya jiji na kuelekeza nguvu zake Wrightington, karibu na mji wa Wigan. Palikuwa hospitali ya mashambani iliyojengewa wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa mpya zilikuwa zimewapunguza wagonjwa hao, vitanda vikabaki vitupu. Pale akaanzisha kituo cha upasuaji wa nyonga, pamoja na karakana ya vipimo.

Plastiki aliyoichagua mwanzo ilikuwa Teflon, ile inayopakwa kwenye sufuria za kukaangia zisishike chakula. Kwa kuteleza, hakuna iliyoishinda. Tangu mwaka wa 1958 akaanza kuwawekea wagonjwa. Watu waliokuja kwa magongo walirudi nyumbani wanatembea. Maumivu ya miaka mingi yalikwisha kwa siku chache. Hospitali nzima ilifurahi. Karibu wagonjwa 300 waliwekewa.

Kama Charnley angekuwa mtu wa kutafuta sifa, angeitangaza nyonga hiyo duniani kote mwaka wa kwanza. Kila kitu kilionekana sawa.

Baada ya miaka miwili au mitatu, wakaanza kurudi. Mmoja, wawili, kumi. Teflon iliteleza kweli, lakini ililika haraka mno. Tufe la chuma lilikuwa linachimba ndani ya kikombe kama jiwe la kusagia. Na vumbi la plastiki lililotoka halikupotea. Mwili uliliona kama adui, ukalizunguka kwa uvimbe, na mfupa ulio karibu ukaanza kuliwa. Vikombe vikalegea.

Hebu jiweke mahali pake. Una watu karibu 300 ambao walikuamini, na unajua kwamba ndani ya kila mmoja kuna kitu ulichoweka wewe na ambacho kinaharibika. Wapo wangehama mji. Wapo wangelaumu kiwanda. Charnley aliwarudisha chumba cha upasuaji, mmoja baada ya mwingine, na kuzitoa kwa mikono yake. Kila alipofungua aliona kosa lake kwa macho.

Kisha akafanya tena lile jambo la Oswestry. Aliweka Teflon chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe, na pembeni yake plastiki nyingine. Sehemu yenye Teflon ikafanya uvimbe. Mwaka wa 1963 aliandika matokeo hayo katika jarida la The Lancet, ili madaktari wengine wasirudie kosa lake. Hakujificha.

Fundi aliyeendelea kupima

Hiyo plastiki nyingine ilitoka wapi? Hapa ndipo tunarudi kwenye viwanda vya pamba.

Katika karakana ya Wrightington alikuwepo fundi aliyeitwa Harry Craven. Hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuunda mashine za kusugulia plastiki dhidi ya chuma, saa baada ya saa, ili kuona inalika kiasi gani. Mwezi Mei mwaka wa 1962, muuzaji mmoja wa vifaa alipita akiwa na kipande cha plastiki nyeupe, poliethilini nzito, ambayo ilikuwa inatumika kutengenezea gia za mitambo ya kufuma nguo huko Lancashire. Craven alimwonyesha Charnley. Charnley aliikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akaona imeingia alama, akaona ni laini mno. Akamwambia Craven anapoteza wakati, akaondoka.

Craven hakubishana. Bosi aliposafiri nje ya nchi, fundi akafunga kile kipande kwenye mashine na kuiwasha. Mashine ikazunguka usiku na mchana. Charnley aliporudi, ilikuwa imesugua kwa wiki tatu, na plastiki ile ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja.

Sasa hapa kuna daktari bingwa mwenye jina, na kuna fundi aliyekaidi agizo. Ofisi nyingi tunazozijua, fundi huyo angefutwa kazi. Charnley aliangalia vipimo akakubali kwamba ukucha wake ulimdanganya. Novemba mwaka huohuo wa 1962 akamwekea mgonjwa wa kwanza kikombe cha poliethilini, na tufe lile dogo, na saruji ileile.

Kidonda cha Teflon kilimfunza, kwa hivyo safari hii hakutangaza ushindi. Akasubiri.

Alivyohesabu miaka

Hii ndiyo sehemu ya maisha ya Charnley ambayo watu husahau, na kwangu mimi ndiyo kubwa. Kubuni kitu ni kazi ya siku. Kujua kama kinadumu ni kazi ya maisha.

Aliwaita wagonjwa wake warudi kupimwa na kupigwa picha za eksirei, hata wale waliokuwa hawahisi maumivu yoyote. Kwenye picha alipima ni kiasi gani tufe limezama ndani ya plastiki. Kwa wengi ilikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Zaidi ya hapo, aliwaomba wagonjwa wakubali kwamba watakapofariki, nyonga ile itolewe ichunguzwe. Wengi walikubali. Walijua wao hawatafaidika, ila mtu wa kesho atafaidika.

Pia alikataa nyonga yake iuzwe kiholela. Kampuni ya Thackray ya Leeds ndiyo iliyoitengeneza, lakini kwa miaka kadhaa daktari aliyeitaka alitakiwa kwanza kwenda Wrightington kuona inavyowekwa. Wengine walimwona mgumu na mwenye kiburi. Huenda alikuwa hivyo. Lakini alijua spea nzuri ikifungwa vibaya inageuka takataka.

Adui mwingine aliyemsumbua alikuwa usaha. Nyonga ikiingia bakteria, saruji na chuma vinakuwa maficho yao, na mara nyingi lazima kila kitu kitolewe. Siku za mwanzo, wagonjwa wapatao 7 kati ya kila 100 walipata maambukizi. Charnley akashirikiana na Howorth, mhandisi wa mitambo ya hewa, wakajenga chumba kidogo ndani ya chumba cha upasuaji, chenye hewa iliyochujwa inayoshuka kutoka juu muda wote. Wapasuaji wakavaa mavazi yanayofyonza pumzi zao wenyewe. Baada ya maboresho hayo yote, maambukizi yalishuka chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.

Heshima zikafuata. Mwaka wa 1974 alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Mwaka wa 1975 alichaguliwa katika Royal Society, chama cha wanasayansi wakuu wa Uingereza, jambo la nadra kwa daktari mpasuaji. Mwaka wa 1977 akawa Sir John. Mwaka wa 1979 akatoa kitabu chenye hesabu yote ya kazi yake ya nyonga. Nyumbani alikuwa na mkewe Jill, waliyeoana mwaka wa 1957, na watoto wawili.

Alifariki Agosti 5, 1982, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 70. Wakati huo nyonga zake za kwanza za poliethilini hazikuwa zimetimiza hata miaka 20. Kwa hiyo jibu la swali lake kubwa hakuliona.

Jibu lilipofika

Wengine walilihesabu kwa niaba yake. Hospitali ya Mayo nchini Marekani iliwafuata wagonjwa waliowekewa nyonga 2,000 za Charnley kati ya 1969 na 1971. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002. Baada ya miaka 25, karibu nyonga 81 kati ya kila 100 zilikuwa hazijatolewa wala kubadilishwa. Fikiria kifaa kilichofungwa wakati Kenya ilikuwa na miaka sita ya uhuru, kinabeba mtu mpaka miaka ya tisini, hatua kwa hatua.

Lakini soma vizuri hesabu hiyo, kwa sababu wewe kijana umo ndani. Waliowekewa wakiwa na miaka 80 na zaidi, hakuna aliyehitaji kubadilishiwa kwa sababu ya kulegea. Waliowekewa kabla ya miaka 40, karibu 31 kati ya 100 nyonga zao zililegea na kubadilishwa kabla ya miaka 25 kuisha. Sababu ni ileile ya fundi wa Rongo: mizigo na barabara. Kijana anatembea zaidi, anabeba zaidi, anaishi zaidi.

Na kinachoua nyonga hizo ni nini? Kwa muda mrefu madaktari waliilaumu saruji, hata wakaupa ugonjwa huo jina la saruji. Wakatengeneza nyonga zisizotumia saruji, ambazo mfupa hujishikiza wenyewe kwenye chuma. Baadhi zilifanya vizuri sana, lakini hata kwao mfupa uliliwa. Hapo ikabainika kwamba mkosaji mkuu alikuwa vumbi la plastiki. Ni adui yuleyule wa siku za Teflon, ila sasa alikuja polepole. Tangu mwishoni mwa miaka ya tisini kuna poliethilini iliyoimarishwa kwa miale, na inalika kidogo zaidi. Saruji nayo siku hizi inawekwa kwa ustadi: mfupa unaoshwa, tundu linazibwa chini, saruji inasukumwa kwa shinikizo. Kwa wazee hasa, saruji bado ni rafiki.

Mwaka wa 2007, The Lancet ilichapisha makala iliyouita upasuaji huu upasuaji wa karne. Zaidi ya nyonga milioni moja huwekwa duniani kila mwaka, na ukiangalia ndani ya nyingi kati yake utaona chuma, poliethilini ya gia za kufuma nguo, na kazi ya fundi Craven.

Tukirudi Rongo

Basi haya yanamsaidia nini kijana wa Rongo, Awendo au Ndhiwa?

Kwanza, kama una selimundu au uliwahi kuanguka vibaya, na unasikia maumivu ya kinena, paja au hata goti ambayo hayaishi, usiyazoee. Maumivu ya nyonga hupenda kujificha kwenye goti. Picha ikipigwa mapema, mara nyingine daktari ana njia za kuchelewesha uharibifu. Ukisubiri tufe libomoke, njia zinapungua.

Pili, kama umeambiwa uwekewe nyonga bandia, uliza kama fundi anavyouliza. Ni ya aina gani? Ina saruji au haina? Kikombe ni cha nini? Uliza jina na namba ya kifaa, uandike, uweke pamoja na kitambulisho. Miaka 20 ijayo daktari mwingine atakayeifungua atakushukuru. Kama una selimundu, uliza pia hatari zako mwenyewe, maana maambukizi na kulegea hutokea zaidi kwa wagonjwa wa selimundu.

Tatu, na hili ndilo gumu, rudi kliniki hata kama huumwi. Najua nauli ya kwenda Kisii, Kisumu au Nairobi si mchezo, na kumwambia mtu asafiri kwenda kupigwa picha ya kitu kisichouma ni kama kumtania. Lakini vumbi la plastiki halipigi hodi. Linaweza kula mfupa miaka mitano bila wewe kuhisi lolote, na siku utakayohisi, mfupa wa kushikilia nyonga mpya umebaki kidogo. Ukigunduliwa mapema, unabadilishiwa kikombe. Ukichelewa, ni upasuaji mkubwa.

Charnley aliishi na aibu ya Teflon mpaka mwisho, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kurudi kuangalia. Nyonga zake zilidumu kwa sababu ya tufe dogo, plastiki nzuri na saruji iliyotiwa vizuri, ndiyo. Lakini tulijua zinadumu kwa sababu yeye na wagonjwa wake walikubali kuhesabu mwaka baada ya mwaka, mpaka kaburini. Siku utakapopita kwa yule fundi wa boljointi, utamsikia akimwambia mteja alirudishe gari baada ya wiki chache alikague. Msikilize, ni fundi anayejua kazi yake.